Macho ya Ubao wa Mtiki

Aliyenieleza kwanza habari za macho ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alinieleza jikoni, kwa dhihaka, huku akisugua sufuria.

"Wewe unadhani wateja wa baba wananunua picha ya ukutani kama kalenda?" alisema. "Ile sanamu haioni mpaka ifunguliwe macho. Na siku ya kufunguliwa inawekewa kioo mbele, ili kitu cha kwanza kukiona kiwe sura yake yenyewe."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu inachokiona kwanza, inakishika." Akamtazama mwanangu aliyekuwa mapajani mwangu, kisha akanitazama mimi. "Lakini wewe kazi yako msasa. Macho hayakuhusu."

Mimi si mtu wa maneno. Tena wifi yangu ukimwuliza chumvi iko wapi, atakuonyesha kopo la sabuni, halafu acheke peke yake mpaka jioni. Nikaona ni yaleyale.

Tulikuwa tunaishi kwa baba mkwe, nyumba yenye karakana upande wa nyuma. Baba mkwe ni fundi wa kuchonga. Anachonga mbao za kutundika ukutani kwa ajili ya familia za Kihindu, ambazo huziweka kwenye chumba cha ibada: Ganesha mwenye kichwa cha tembo, Krishna na filimbi yake, na Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, amesimama juu ya ua la yungiyungi. Mume wangu ni dereva wa lori, na safari zake hazina mwisho. Yeye akiwa njiani, mimi nilipewa kazi ya kupiga msasa. Nilisugua majani ya maua, pindo za nguo, miguu ya tembo. Kuanzia shingoni kwenda juu sikugusa na wala sikuruhusiwa. Uso ni wa fundi mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa amefariki miezi miwili kabla ya haya ninayoyasimulia.

Hakunipenda, na sitapamba maneno kwa sababu ni marehemu. Binti yangu alizaliwa yeye akiwa kitandani tayari, anakohoa damu. Akapiga hesabu ya miezi kwa vidole, akatangaza kwamba mwanawe alikuwa safarini na hesabu haiingii. Kila siku alidai mtoto. "Mleteni nimtazame. Damu yangu naijua." Muuguzi alikuwa amenikataza kumsogeza kichanga kwenye kikohozi kile, nami nikakataa. Ndilo jambo pekee nililowahi kulikataa katika nyumba ile. Nikipita mlangoni kwake na mtoto nimemfunika, nilisikia msonyo. Mrefu. Wa meno na mate. Unanifuata mpaka mwisho wa ukumbi.

Akafa bila kumwona.

Siku yenyewe, jua likiwa linaelekea kuzama, baba mkwe aliniita. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba kama kitumbua, amekifunga kitambaa.

"Kesho asubuhi mama mteja anakuja kuchukua ubao wake," alisema. "Mkono umenigomea. Nenda ukaupake nta. Wote, mbele na nyuma. Usiache hata upenyo."

"Na usoni, baba?"

"Nimesema wote. Na usinichubulie kazi yangu."

Nikamwomba wifi anishikie mtoto kidogo.

"Mimi yaya wako?" akasema, wala hakuinua kichwa.

Basi nikaenda naye. Alikuwa na miezi saba, ameanza kukaa bila kuegemezwa. Nikamketisha sakafuni kwenye rundo la maranda, nikampa kipande laini cha mbao atafune, nikawasha taa.

Ubao ulikuwa umesimamishwa juu ya benchi fupi, umeegemea ukuta, kimo chake kinanifika kifuani. Lakshmi mwenye mikono minne. Miwili imeshika maua, mmoja unamwaga sarafu, mmoja umekunjuliwa kiganja kama anayesema, usiogope. Tembo wawili pembeni wameinua mikonga. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuchonga. Mtiki wenyewe ulikuwa mkavu, wa zamani, mwekundu kwa ndani. Nilijiuliza aliupata wapi, maana tangu mwanzo wa mwaka alikuwa analalamika kwamba mbao kama hizo zimekwisha.

Nikaanza chini. Nta kwenye kitambaa, kitambaa kwenye mbao, duara ndogondogo. Maua. Miguu. Pindo. Mikono.

Uso.

Katika kila jicho kulikuwa na donge jeusi, dogo kama punje ya dengu. Gumu. Nikasema hii ni gundi iliyoshika masizi. Nilijua baba mkwe haoni vizuri siku hizi, na nilijua pia lawama itaangukia kwa nani. Kama kuna kitu kimoja ninachojivunia, ni usafi wa kazi yangu. Nikachomoa pini ya nepi ya mtoto, nikachokonoa.

Donge la kwanza likatoka.

La pili likakataa... kisha likatoka.

Chini yake kulikuwa na tundu. Jembamba, lenye kina, laini ajabu. Taa ikaingia humo, ikang'aa. Macho yakawa macho. Nilifurahi, nasema kweli. Nilirudi nyuma hatua moja nikajisifu moyoni.

Kisha nikasikia harufu.

Mafuta ya mkaratusi. Yale ya kuchua kifua.

Nikatazama dirishani. Limefungwa. Nikanusa nta. Ni nta tu. Nikajiambia ni kuta, chumba cha marehemu kilipakana na karakana, harufu ya ugonjwa hukaa kwenye kuta. Nikauvuta ubao mbele kidogo, nikajipenyeza nyuma yake nipake upande wa pili.

Mkono ukanisimama.

Nyuma hapakupigwa randa vizuri. Kulikuwa na matundu manne yaliyozibwa kwa vigingi vya mbao, mawili kila upande, mahali palipokuwa na parafujo. Na katikati, alama nyeupe ya duara. Alama ya kikombe cha moto.

Kikombe kile nilikiweka mimi. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu nilimpelekea mama mkwe chai, nikakosa pa kuweka, nikakiweka juu ya rafu ya kichwa cha kitanda chake. Alinitukana siku tatu kwa ajili ya alama hiyo.

Huu haukuwa ubao wa kununua; ulikuwa rafu ya kitanda chake. Alilala chini yake miaka thelathini. Alifia chini yake.

Upande wa pili, mbele ya ubao, mahali ambapo hapakuwa na mtu ila mwanangu...

Msonyo.

Mrefu. Wa meno na mate.

Nikachungulia pembeni mwa ubao. Mtoto alikuwa ameacha kutafuna. Ametulia tuli, uso ameuinua. Hakuwa anautazama ubao. Alikuwa anatazama kitu kilicho karibu zaidi, na kichwa chake kilikuwa kinafuata polepole... kutoka juu... kushuka... kama mtu mzima anavyomwinamia mtoto.

Maranda mbele yake yakabonyea.

Upande mmoja. Kisha upande wa pili. Kama magoti.

Sikuona mtu. Naapa sikuona mtu. Nilisikia pumzi tu, ile pumzi yenye mkwaruzo niliyoisikiliza miezi mitano kupitia ukutani. Ilikuwa haina haraka. Ilikuwa inamkagua. Sikio moja. Sikio la pili. Nikaona unywele mdogo wa mtoto umeondolewa kwenye paji la uso, ukalazwa upande.

Kisha, kwa mnong'ono:

"Kumbe... wetu."

Mwanangu akainua mikono yote miwili. Vile watoto wanavyofanya wakitaka kubebwa.

Sijui nilipata wapi nguvu. Niliusukuma ubao kwa bega, ukaanguka kifudifudi kando ya mtoto, kishindo kikatikisa patasi zote ukutani. Nikamnyakua mtoto. Alikuwa mzito. Hakuwa mzito wa kula, alikuwa mzito kama kitu kilichoshikwa upande wa pili. Nikavuta. Akaachiwa kwa ghafla, nusura nianguke naye. Nikakimbia. Wakati wote huo hakulia. Alijipinda juu ya bega langu, anatazama nyuma karakanani, ameinyoosha mikono.

Wifi alinikuta ukumbini nahema.

"Mbona hukuniambia macho yamezibwa?" nikamwuliza. "Mbona hukuniambia yale madonge ni nta ya kuyafumba, si gundi?"

"Hukuniuliza."

"Na kitanda cha mama kiko wapi?"

Hapo cheko likatoweka usoni mwake. Akamtazama mtoto, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Kitanda aliuza baba," akasema. "Alisema ameuza." Akaingia chumbani kwake, nikasikia komeo.

Nikampigia simu mume wangu, haikupatikana. Usiku ule mtoto hakunyonya. Nilimpa ziwa, akageuza uso. Hakuwa na homa, hakulia, hakuhangaika. Alilala chali anatazama dari, na kila nilipoinama kumtazama alinirudishia macho ya mtu anayenifahamu muda mrefu na asiyeniridhia.

Asubuhi mama mteja akaja mapema, na kitambaa chekundu cha kuufunikia ubao njiani. Ni mama mpole, mwenye mvi, hapiti bila kumshika mwanangu shavu. Baba mkwe alikuwa ameuinua ubao, ameufuta. Mkonga wa tembo mmoja ulikuwa umekatika, na macho alikuwa ameyaziba upya, nta mbichi ambayo hata mimi ningeitambua.

Mama mteja akaigusa kwa ncha ya kidole. Kidole kikaacha alama.

"Fundi, haya yamefunguliwa."

"Yalipata vumbi kidogo, mama. Nikasafisha."

"Mbele ya nini?"

Baba mkwe akaanza kukaza kitambaa cha mkononi mwake.

"Fundi, bado hatujasoma dua. Bado hatujamwomba mama yetu Lakshmi aingie humu. Mpaka jana huu ulikuwa ubao tu. Ukiufungulia macho ubao mtupu, mimi sijui ni nani atakayeyatumia." Akaukagua pembeni, akapitisha mkono nyuma. "Mbao hii umeitoa wapi?"

"Kwa muuza mbao," baba mkwe akasema bila kupepesa.

Mimi huwa sisemi mbele ya wateja. Nikisalimiwa, sauti yangu huishia kooni. Wifi yangu alikuwa mlangoni, ananitikisia kichwa ninyamaze. Baba mkwe alinitazama kwa jicho ambalo mtu hutazamwa nalo mara moja tu. Nilijua nikifungua kinywa sina nyumba tena. Lakini niliwaza, huyu mama akiubeba, ataondoka na jibu la kilichompata mwanangu ndani ya kitambaa chekundu.

"Ni kitanda," nikasema. "Ni kitanda cha mama mkwe. Alifia hapo. Na macho nimeyafungua mimi, sikujua. Mbele yake alikuwa mwanangu."

Mama mteja akaondoa mkono. Akaupangusa kwenye nguo yake, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akamtazama mtoto.

Hakumshika shavu.

"Nimzibe macho kwa nta tena, aondoke?" nikamwuliza. "Nichome huo ubao? Nifanye nini, mama?"

"Ungekuwa mungu wangu, ningejua la kukwambia," akajibu kwa sauti ya chini. "Huyu si wetu. Huyu ni wa nyumba yenu. Na kwenye ubao huu..." Akainama, akayatazama macho yale kwa muda, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. "Humu hamna mtu sasa."

Akakunja kitambaa chake akaondoka.

Baba mkwe hakunipiga. Alisema tu, bila kupandisha sauti, "Miaka thelathini najenga jina. Umelibomoa kwa neno moja. Chukua vitu vyako. Mtoto mwache, mtoto ni wetu."

Neno lile lile nililolisikia karakanani. Wifi yangu akajiziba mdomo.

Sikumwacha. Hata nilipokuwa sijui nabeba nini hasa, sikumwacha. Nilikusanya nguo mbili tatu kwenye mfuko, nikachukua khanga, nikamwinua kutoka mkekani. Alikuja bila kukataa. Alikuwa ananitazama mdomoni, kama anayesubiri nikosee.

Kila mara nilipotoka nyumbani nilimbeba mgongoni, mikono yangu ipate nafasi. Asubuhi ile nilianza kumtupia mgongoni kama kawaida. Nikasita.

Nikamgeuza. Nikamfunga kifuani, uso wake ukielekea wangu, mahali ninapoweza kumwona. Ndivyo nilivyotembea naye mpaka kwa mama yangu, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, na njia nzima sikuthubutu kupepesa macho kabla yake.