Kura Haziliwi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Rachida humaliza kwanza kazi za nyumbani. Hufagia uwanja, huosha vyombo vya jana, kisha humsuka mdogo wake Amina, ambaye hulia tangu msuko wa kwanza hadi wa mwisho. Hapo ndipo jirani yao Benilde hupita kumwita. Familia zao zilirudi mjini Mocímboa da Praia katika mwaka uleule, baada ya vita kuzitawanya, na tangu hapo wasichana hao wakawa chanda na pete.

Asubuhi hiyo Benilde hakutulia njia nzima.

"Leo tunachagua shefe wa turma, kiongozi wa darasa letu," alisema. "Usisahau kuninyooshea mkono."

"Kura!" Rachida aliguna. "Baba anasema kupiga kura ni kumpandisha mtu mnazi. Akishafika juu anakunywa madafu peke yake, nyinyi anawatupia makumbi."

Benilde alicheka, akidhani mwenzake anatania.

Darasani, mwalimu wao Gracinda, ambaye wanafunzi wote humwita Setora, aliwasimamisha mbele wagombea watatu wa uongozi wa darasa: Benilde, Latifo na Délcio. Latifo alikuwa mpole, asiyegombana na mtu. Délcio alikuwa na mpira, tena ndio mpira pekee wa darasa zima. Mikono ilipoanza kunyooshwa, alikodoa macho kuona nani ananyoosha na nani hanyooshi. Timu yake yote ikanyoosha. Waliobaki wakagawanyika, wengine kwa Benilde, wengine kwa Latifo. Wachache hawakunyoosha kabisa, na Rachida alikuwa mmoja wao. Alikuwa anachora samaki kwenye kiganja chake. Mkono mmoja utafanya nini? alijiuliza.

Délcio alimshinda Benilde kwa mkono mmoja.

Wakati wa mapumziko Benilde alimfuata. "Rachida, mkono wako ulikuwa wapi?"

Rachida alitazama chini. Samaki alikuwa bado kiganjani. Siku hiyo Benilde alirudi nyumbani peke yake.

Wiki iliyofuata uongozi wa Délcio ulianza kuonekana. Shule ilikuwa inakarabatiwa, na kila darasa lilitakiwa kuwapelekea mafundi maji kutoka kwenye pampu. Délcio akaamua kwamba wasichana wote watabeba maji.

"Na timu yako?" Latifo aliuliza.

"Timu inalinda mpira."

"Mpira unalindwa na watu wote hao? Kwani una miguu?"

Darasa likaangua kicheko, lakini kuanzia siku hiyo Latifo hakuruhusiwa kucheza. Rachida alibeba ndoo mpaka viganja vikamchubuka. Benilde alikuwa kwenye foleni hiyohiyo ya pampu, lakini hakumsemesha.

Mwishowe Abílio, mvulana asiyejua kunong'ona, alisimama darasani. "Setora, demokrasia gani hii? Kura tuziache. Chagua wewe mwenyewe!"

Wengi walipiga makofi. Rachida alipiga pia, ingawa viganja vilimuuma.

"Naweza kuchagua," Setora Gracinda alisema. "Lakini atakuwa shefe wangu, si wenu. Mkionewa atanitazama mimi kwanza, kisha nyinyi. Mnataka hivyo?"

Makofi yakafifia.

"Wengi wenu hamkumtaka Délcio. Lakini mligawanyika, wengine mkaogopa kunyoosha, na wengine mkanuna tu. Basi nileteeni njia bora ya kuchagua. Nawapa mpaka Ijumaa."

Jioni, nyumbani kwa kina Rachida, kulikuwa na ugomvi wa kitoweo. Baba alitaka pweza. Rajabo, kaka yake Rachida, alitaka samaki wa kukaanga. Bibi alitaka kisamvu, na Amina alitaka mayai. Mama yao, Awa, aligonga sufuria kwa mwiko.

"Basi! Siulizi tena nani anapenda nini zaidi. Nitataja kitoweo kimoja kimoja. Anayeweza kukila kwa moyo mweupe aseme ndiyo, hata mara zote. Pweza?"

Baba na Rajabo wakaitikia. Bibi alionyesha ufizi wake usio na meno. Samaki na mayai vilipata ndiyo mbilimbili, kisamvu kikapata tatu.

"Kunde za nazi?"

"Ndiyo!" waliitikia wote, ingawa hakuna aliyezitaja mwanzoni. Wakatazamana, wakaanza kucheka.

Rachida hakucheka. Alikuwa amebaki na kijiko mkononi, akiwaza. Kisha akakitua, akatoka mbio.

Alimkuta Benilde anatwanga mihogo mikavu uani kwao.

"Ulishindwa kwa sababu yangu," Rachida alisema akihema. "Nilijifanya mjuaji, nikakaa na mkono wangu kama jiwe. Nisamehe, dada."

Benilde alitwanga mara kadhaa, kisha akamnyooshea mchi. "Twanga kwanza. Maneno baadaye."

Wakatwanga kwa kupokezana, na huku wakitwanga Rachida akaeleza ugomvi wa kitoweo. Kila mwanafunzi apewe punje, alisema, atie punje kwenye kopo la kila mgombea anayemkubali. Apige kura nyuma ya kapulana, kanga ya kujifunga, iliyotundikwa, ili asitazamwe na mtu.

"Na akitia punje tano kopo moja?" Benilde aliuliza.

Rachida akasimamisha mchi. Benilde alichota unga, akaupuliza mkononi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uchaguzi.

"Basi kila mgombea awe na mbegu yake. Kila mtu apewe moja ya kila aina. Anazozikubali atie kwenye chungu, zilizobaki atie kwenye mfuko. Hapo atazidishaje?"

Ijumaa Setora aliwasikiliza, akaipenda njia yao. Délcio alilalamika kwamba yeye ameshachaguliwa, lakini Setora alimwambia, "Kama darasa bado linakutaka, mbegu zitasema." Délcio akakubali, kifua mbele. Akapewa mahindi, Benilde akapewa kunde, na Latifo akapewa karanga.

Mbegu zilipoanza kugawiwa, Latifo alipiga kelele: "Setora! Abílio amekula kura yangu!"

Abílio alisimama, mdomo bado unacheza. "Ilinijia mkononi, Setora. Nikasahau."

Darasa zima lilicheka, na Setora akacheka mpaka akajifuta machozi. Karanga zikakusanywa, zikaletwa mbaazi kavu ambazo hakuna jino la kuzitamani.

"Kura haziliwi," Setora alisema. "Tuendelee."

Mmoja mmoja wakapita nyuma ya kapulana. Safari hii hakuna aliyekosa. Mwisho chungu kikamiminwa mkekani, na mbegu zikatengwa mbele ya macho ya wote. Mahindi yalikuwa machache kuliko mikono ya mara ya kwanza. Délcio aliitazama timu yake. Timu nayo ikatazama dari. Kunde zilikuwa nyingi. Lakini fungu la mbaazi lilizidi hata kunde. Latifo alikuwa ameshinda, na karibu darasa zima lilikuwa limemkubali.

Benilde alimgeukia Rachida taratibu.

"Mbegu yangu uliitia?"

"Niliitia."

"Na ya Latifo?"

Rachida angeweza kudanganya, maana nyuma ya kapulana hakuonekana na mtu. "Na yake pia," alisema.

Benilde alimkazia macho, kisha akacheka. "Hata mimi niliitia yake! Maji anabeba bila kuambiwa."

Siku hiyohiyo Latifo alipanga zamu ya maji kwa wavulana na wasichana. Akamwomba Délcio asimamie michezo, ili kila mmoja apate zamu ya mpira, na Délcio akakubali mbele ya wote.

Setora Gracinda alikunja mkeka. "Wanangu," alisema, "mara ya kwanza mlikasirika, na mlikuwa na haki. Lakini jiko likitoa moshi hatuachi kupika. Tunainama, tunapanga kuni upya. Njia ya kuchagua ikiwa mbovu, itengenezeni, msiitupe kura yenyewe. Na mkishachagua msilale. Kila Ijumaa Latifo atasimama hapa, nanyi mtamuuliza."

"Tutamuuliza nini, Setora?" Abílio alisema.

"Uliza unachotaka."

Abílio alimgeukia shefe mpya. "Karanga zile ziko wapi?"