Taa Aliyoonyeshwa Nassibu

Saa 1:10 asubuhi, lori la kontena lilivamia kibanda cha lango huko Kurasini. Mlinzi, Hudhaifa, alikufa palepale. Breki zilikuwa zimekatika, na dereva, Nassibu, akatiwa mahabusu. Projestus, fundi mkuu wa kampuni yenye lori hilo, aliandika maelezo: “Saa 12:20 nilimwonyesha Nassibu taa nyekundu ya breki ikiwaka. Akapuuza, akaondoka.”

Siku ya tatu polisi walimwita Jovina, ambaye kazi yake ni kupima jinsi madereva wanavyosoma dashibodi. Alianza na Nassibu.

“Uliiona taa?”

“Mwanzo nilisema sikuiona. Sasa hata sijui, sista. Kila mtu anasema iliwaka. Labda niliiona nikasahau.”

Jibu hilo lilimkera Jovina. Kamera ya ndani ya lori ilionyesha Nassibu hakushika simu, na aliitazama dashibodi mara nne. Mtu atazame mara nne, nyekundu asiione?

Lori lilikuwa limefungiwa kwenye uwanja wa polisi tangu ajali. Jovina aliwapandisha madereva sita wa kampuni, mmoja mmoja, akawasha swichi.

“Taja unachokiona.”

Wote walitaja mafuta na injini. Breki hakuna aliyeitaja. Jovina akachanganyikiwa kabisa: breki mbovu, taa kimya! Akamshuku Suleiman, dereva wa sita, aliyekuwa na lori hilo siku moja kabla ya ajali.

“Shikamoo, mzee. Balbu ilikuwa imeungua?”

“Marahaba. Wapi! Iliniwakia mie, nikagoma kutoka. Nyekundu ikiwaka sie hatutoki.”

Jovina akaomba bisibisi, akaifungua dashibodi. Kisha akaagiza Projestus na Nassibu waletwe.

“Fundi, saa 12:20 ulimwonyesha taa ikiwaka?”

“Kwa kidole changu hiki.”

“Tazama nyuma ya kioo.” Taa ilikuwa imezibwa kwa selotepu nyeusi, iliyokatwa vizuri. “Lori halijaguswa tangu ajali. Ulimwonyesha taa gani?”

Projestus alikaa chini kwenye changarawe.

“Spea ya breki ilikuwa haijafika, na mie nilishasaini kwamba nimezitengeneza. Suleiman aligoma. Nikajua Nassibu naye akiona nyekundu hatoki. Nikasema safari moja tu.”

Jovina alibandua selotepu, akawasha swichi. Nyekundu ikawaka.

Nassibu, pingu mikononi, aliitazama muda mrefu.

“Kwa hiyo sikuiona.”

“Hukuiona, kaka.”

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Hudhaifa afe.