Kelele ya Ngazini

Jua lilikuwa linazama bibi alipoingia kwa fundi wa mikanda ya filamu kuulizia sinema aliyoitengeneza marehemu mumewe. Kwa miaka arobaini sinema hiyo ilioza kabatini, ikinuka siki. Fundi alikuwa akiihamishia kwenye kompyuta aiweke katika maktaba ya mtandaoni, dunia nzima itazame bure.

"Urithi wa mzee hautapotea, bibi."

"Urithi! Hata fisi huacha urithi. Mifupa. Nionyeshe pale ngazini."

Hapo tu ndipo alipopataka. Aliyecheza pale ni mdogo wake bibi. Mzee alitaka kelele ya kweli, akamsukuma kweli. Shingo ikavunjika. Watu wakaambiwa kateleza, na sinema ikasifiwa: mbona yule binti alijua kulia! Alilia, "Shemeji, usinisukume!" wakadhani ni maneno ya mchezo. Ila katika hadithi ile hakuna shemeji hata mmoja.

Fundi akaiwasha. Binti akaanguka, mdomo wazi.

Kimya.

"Kelele yake iko wapi?"

"Nimeondoa kelele zote, bibi, kama ulivyosema. Sasa safi kama maji."

"Mlaaniwa wewe! Nilisema kelele za mkanda, mikwaruzo ile! Sio kelele ya mtu!"

"Bibi... kwa kompyuta, kelele ni kelele."

"Na masikio yako nayo ni ya kompyuta? Umemuua mara ya pili, tena bila jasho! Irudishe!"

Fundi akanyoosha mkono. Hakugusa kitu. Harufu ya siki ilikuwa imejaa chumba, kali, ya kutoa machozi. Spika zilikuwa zimezimwa.

"Shemeji..."

Ilitoka nyuma ya duka, kwenye ngazi za stoo.

Kisha nyayo. Ko... ko... ko...

Hazikuwa zinashuka. Zilikuwa zinapanda.

Kwenye kioo cha kompyuta, juu ya ngazi, binti hakuwepo tena. Alisimama mzee, ndani ya suti aliyozikwa nayo, akigeuka kutazama nani yuko nyuma yake.

Akaanguka. Yowe lake likatikisa vioo vya madirisha.

"Nizime, bibi?" fundi alinong'ona.

"Thubutu! Ipandishe mtandaoni hivyohivyo. Bure si bure?"

Kesho yake watu elfu tatu walikuwa wameitazama. Kila mtu alipobonyeza, mzee alianguka upya. Bibi alicheka hadi mbavu zikamuuma. Fundi hakucheka. Alikuwa akisoma waliyoandika watazamaji.

"Wote wanauliza jambo moja, bibi. Yule mwanamke mlangoni, kando ya ngazi... anaona kila kitu, amejiziba mdomo kwa mkono. Ni nani? Mimi sikumwona jana."

Bibi alimwona. Gauni lile alilishona mwenyewe. Siku ile alisimama palepale, akaona mumewe anasukuma, na tangu siku ile hakumwambia mtu.

Alitaka kusema simjui.

Lakini mkono wake ulikuwa umeshapanda, umeuziba mdomo. Aliuvuta kwa mkono wa pili. Fundi naye akauvuta.

Haukushuka.