Chungu Kilichofukiwa Mdomo Chini

"Chungu kimetoka," Amimba alimwandikia mumewe kwenye simu, kidole kikikosea herufi. "Mjomba wako kaenda moja kwa moja, kama mtu anayekwenda chooni kwake. Senkei, nani alimwambia?"

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja.

Akapiga. Ikaita mpaka ikakata.

Chini ya kilima alichopanda kutafuta mtandao, watu wa koo mbili walikuwa wamezunguka shimo kando ya kijito. Chungu chenyewe kilikuwa cha chuma, kimeliwa na kutu. Bibi wa kwanza wa ukoo wa Amimba, aliyekuwa mtumwa, alikiiba jikoni kwa bwana wake siku aliyotoroka shamba la miwa. Alikijaza majani mabichi kisilie kikigonga matawi na kuwaita askari. Kwenye kijito hiki ndipo alipopika mara ya kwanza bila kuamriwa na mtu, kisha akakifukia mdomo chini. Tangu hapo watoto wake wamelima mpunga na mihogo pale, na mahali kilipo chungu, pamoja na siri nyingine za ukoo, huambiwa mtu mmoja tu, kidogo kidogo, alfajiri jogoo anapowika, mjomba kwa mpwa. Mume haambiwi. Mume ni wa ukoo mwingine, hata umpende vipi.

Ukoo wa Senkei ulipoanza kukidai kijito, wazee wa vijiji vyote vya mto waliamua kwamba atakayeonyesha chungu ndiye mwenye kijito. Mjomba wa Senkei akaomba kutangulia. Watu wakacheka. Jembe lake lilipogonga chuma kwa pigo la tatu, hakuna aliyecheka tena.

Amimba aliposhuka, mjomba wake, Mzee Dosu, alimvuta pembeni. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, waliojua ni mimi na wewe. Mimi sijasema. Wewe umesema?"

Angeweza kukataa. Mzee angemwamini.

"Nimesema, mjomba."

"Kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

Mama yake mdogo alikuwa karibu, akasikia.

"Alikununulia kitambaa gani huyo mwanamume, mpaka umlipe kwa chungu cha bibi?"

Kitambaa hakikuwapo. Senkei alimjengea nyumba, mlango akauchonga kwa mkono wake, ukapendeza kuliko yote kijijini. Ila kila Amimba alipoitwa alfajiri na kurudi kimya, mumewe aligeukia ukutani. Alisema amejenga nyumba na bado ni mgeni ndani yake. Alinuna msimu mzima. Siku moja wakivuna mpunga, Amimba alichoka na ule mnuno, akamshika mkono, akampeleka, akamwonyesha. Wakarudi kwa mtumbwi wakiimba. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba siku ile ilikuwa tamu.

Jioni Amimba alipanda tena kilimani, na Senkei akapiga kutoka kijijini kwao.

"Nilimwambia mjomba," alisema. "Alinicheka mbele ya watu, eti naishi kwa mke kama mbwa wa kuokotwa, hata wanachoongea sikijui. Nikamwambia mke wangu hanifichi kitu. Akasema nithibitishe."

"Ukathibitisha."

"Nilitaka ajue unanipenda."

"Sasa mto mzima unajua."

Amimba akakata simu. Nyumbani akaifungua machela ya Senkei, ile ya kutundika na kulalia, akaiviringisha pamoja na viatu vyake vya kuwindia, akaipeleka gatini. Kwetu mke akifanya hivyo amemfukuza mume, hahitaji kuongeza neno.

Wazee walikaa tena ili wakabidhi kijito kwa ukoo wa Senkei. Senkei alisimama bila kuitwa. Mjomba wake akamvuta shati.

"Wazee," Senkei alisema, "sisi hatukurithi chungu hiki. Mke wangu alinionyesha, mimi nikamwambia mjomba."

"Kaa chini, mpumbavu wewe."

"Nimekaa sana, mjomba."

Wazee walinong'ona, wakamwaga ramu chini kuwaomba radhi wahenga, wakakirudisha kijito kwa Dosu na watu wake. Mjomba wa Senkei alisubiri wamalize. Kisha akamwambia mpwa wake mbele ya wote kwamba nyumba ya mama yake asiikanyage tena, na siku akifa, huyo mkewe ndiye atakayetafuta mtu wa kumchongea jeneza.

Senkei alivuka mto. Machela ilikuwa bado pale gatini, imelowa mvua. Amimba alikuwa uani anakuna mihogo.

"Kijito kimerudi," Senkei alisema.

"Nimesikia."

"Na wewe? Wamekurudisha?"

"Alfajiri mjomba sasa anamwita Fanaili."

Fanaili ni mdogo wake Amimba. Senkei alichuchumaa, akakaa akiangalia mikono yake.

"Basi nikwambie ya kwetu. Bibi yetu sisi alipita wapi, na alichokiacha. Tuwe sawa. Ukipandisha mto, ukifika kwenye jiwe la—"

Amimba akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa unga mbichi wa mihogo.

"Usiniambie."

"Sina kingine cha kukupa."

"Najua. Ndiyo maana usinipe. Siku ukiniudhi, nitakuwa nacho."

Akarudi kukuna. Mihogo miwili ikaisha. Senkei hakuondoka.

"Ianike hiyo machela," Amimba alisema, "itaoza. Ikikauka itundike ndani. Lakini jogoo akiwika, usiniulize kitu. Si leo, wala ukizeeka."

Mpaka leo wanaishi pamoja. Mpunga wa kijito bado unamea, na Mzee Dosu bado anakula wali wake kutoka mkononi mwa Amimba, akimwita mwanangu kama zamani, akimshukuru. Hajawahi kumtukana.

Ila jogoo anapowika, mlango wa mzee hulia, hatua zake zikaja taratibu, zikaupita mlango ule mzuri wa kuchongwa, zikaenda kugonga kwa Fanaili. Amimba huwa macho. Senkei naye huwa macho. Kila mmoja anajua mwenzake hajalala, na hakuna anayesema neno mpaka kumekucha kabisa.