Tilli na Njia Panda ya Sonatina

Kila Jumanne, kengele ya shule ikilia, Ottilie alikuwa wa kwanza kufika kituo cha tramu, mkate wenye jibini mkononi na mkoba wa muziki ukimgonga mgongoni. Nyumbani na shuleni walimwita Tilli. Jiji la Graz lilikuwa na watoto wengi wapiga piano, lakini wenye vidole vyepesi kama vyake hawakuwa wengi, na Tilli mwenyewe hakusubiri uulize ndipo akwambie.

Msimu ule darasa la piano la Bi Pichler lilikuwa likichambua sonatina moja, kipande kifupi cha piano. Bi Pichler alikuwa na sharti lake: hakuna kupiga kipande kwa kukariri mpaka mwanafunzi akichambue kwa penseli za rangi. Wazo la kwanza la muziki, njano. Wazo la pili, buluu. Daraja linalounganisha mawazo hayo mawili, kijani. Na mahali ambapo muziki, ukirudi mara ya pili, unaacha njia ya mwanzo na kushika nyingine, mstari mwekundu.

Tilli aliona huo ni mchezo wa chekechea. Vidole vilishaijua sonatina yote, sasa rangi za nini? Basi, walipokuwa wakisubiri kwenye korido, alichukua karatasi ya Valentin, mwenzake wa darasani, akanakili kila rangi, mstari mwekundu ukiwemo, huku akitafuna tufaha. Bi Pichler alipouliza kama kazi ile ni yake, Tilli alijibu bila kupepesa macho kuwa ni yake. Akachaguliwa kuipiga sonatina kwenye tamasha la Jumamosi. Bibi yake aliposikia, akaahidi kufunga safari kutoka kijijini, pamoja na keki.

Alhamisi wakafanya mazoezi mbele ya darasa zima. Tilli alianza kwa madaha. Wazo la kwanza likaenda vizuri kwenye Do, noti ya nyumbani, daraja likampeleka Sol, wazo la pili likang'aa. Sehemu ya katikati ikapita. Wazo la kwanza likarudi, kama inavyotakiwa. Ila daraja lilipofika, vidole vikashika njia ileile ya mwanzo, vikampeleka tena Sol, wakati sasa alitakiwa abaki nyumbani, Do, amalize. Akajikuta ameingia sehemu ya katikati kwa mara nyingine. Akarudi. Daraja. Sol tena.

Darasa likaanza kuficha kicheko kwenye kikohozi.

"Mwambieni dereva asimame," Valentin akasema kwa upole. "Tilli alitaka kushuka tangu kituo kile."

Tilli akaondoa mikono kwenye piano. Masikio yalikuwa ya moto.

Bi Pichler hakufoka. Aliwaruhusu wengine waende, akaiweka ile karatasi ya rangi juu ya piano, kisha akagusa mstari mwekundu. "Hapa kuna nini, Tilli?"

Tilli akautazama kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza. Angeweza kusema amesahau. Akamfikiria Bibi kwenye treni, na keki yake mapajani.

"Sijui, Mwalimu. Nilinakili kwa Valentin."

Bi Pichler akashusha pumzi. Akamwambia kuwa Valentin anaijua njia, na kwamba mtu asiyejua alipo hawezi kupelekwa jukwaani. "Lakini umesema kweli kabla sijakubana," akaongeza. "Kesho niletee karatasi safi, rangi ziwe zako. Ukinieleza huo mstari, utapiga. Ukishindwa, atapiga Valentin."

Jioni ile nyumbani Tilli hakupiga kitu chochote haraka. Alipiga mkono wa kushoto peke yake, polepole, huku akiimba. Mama yake, aliyekuwa akimwagia saladi mafuta ya mbegu za maboga, akauliza kama piano imeugua. Tilli akalilinganisha daraja la kwanza na la pili, noti kwa noti. Yalifanana kama mapacha, mpaka akafika kwenye Fa. Mara ya kwanza Fa ilipandishwa kidogo, na ndiyo iliyoufungua mlango wa Sol. Mara ya pili haikupandishwa, na mlango ukabaki umefungwa. Noti moja tu. Akaipiga hivi, akaipiga vile, akacheka peke yake. Ndipo akachukua penseli nyekundu.

Ijumaa akamweleza Bi Pichler yote hayo, Fa kwa Fa. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia tu asichelewe tamasha.

Jumamosi ukumbi ulijaa, Bibi akiwa mstari wa mbele. Tilli akapiga. Wazo la kwanza lilipokuwa likirudi, kidole kikateleza, noti ya ajabu ikalia. Juzi tu angepotea hapo hapo. Sasa alijua yuko wapi: nyumbani, hatua chache kabla ya daraja. Akaendelea. Fa ikaja, ya kawaida, bila kupandishwa, na muziki ukatulia kwenye Do mpaka mwisho.

Wakati wa keki, Tilli alinung'unika kuhusu ile noti iliyomponyoka.

"Hata vidole vyangu huteleza," Bi Pichler akasema. "Vidole vinakumbuka, lakini havielewi vinakokwenda. Rangi za Valentin zilikuwa sahihi kabisa, na siku ile hazikukusaidia kitu, kwa sababu hukuzifanyia kazi. Leo umekosea, na bado umefika, kwa kuwa njia uliitafuta mwenyewe. Na ungeendelea kunidanganya, nisingeweza kukusaidia."

Valentin, mashavu yamejaa keki, akasogea. Jumanne walikuwa wanaanza sonatina mpya, ndefu zaidi, naye alitaka kujua kama Tilli atamwonyesha rangi zake.

"Penseli nitakuazima," Tilli akasema. "Rangi utatafuta mwenyewe."