Wewe Mtoto wa Nani?

Saa kumi na mbili jioni, siku ya Jumamosi, Nestory alishuka kwenye bodaboda mbele ya banda la gemu la Precious pale Kirumba, begi la kompyuta amelikumbatia kifuani kama mama mwenye kichanga. Harufu ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni ilikuwa imetanda kama kawaida. Hakuna aliyejali. Mtu wa Kirumba asiyeisikia harufu ya dagaa, ujue ana mafua.

Kazi yake ilikuwa ndogo tu. Alikuwa ametengeneza gemu ya upelelezi, na leo alitaka watu wawili watatu wacheze demo yake huku akiwarekodi nyuso kwa simu, aone wapi wanashtuka na wapi wanapiga miayo. Miaka miwili aliifanya kazi ile peke yake. Asubuhi hiyo alikuwa ameshaiweka demo mtandaoni, kila anayetaka aipakue bure. Alikuwa na haraka ya kusifiwa, na haraka hiyo ndiyo iliyomponza.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bibi kizee wa kijiji kimoja upande wa Sengerema ameuawa kwa panga, ameangukia jikoni kwake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia maisha yake yote, maana kule kuni ni za kutafuta. Watu wakayatazama macho yale, wakasema ni mchawi. Mpelelezi anaingia jikoni, anakagua maiti, anahoji mashahidi, na mwishoni anamtaja muuaji. Kwenye demo, muuaji alikuwa mganga aliyepiga ramli.

Nestory hakuibuni hadithi ile. Aliitoa kwa baba yake.

Mzee Mayala, fundi seremala wa Igogo, alimsimulia mara moja tu, siku alipokuwa amelewa. Alisema alikuwa jirani wa yule bibi na ndiye aliyeukuta mwili. Mwezi huohuo alimchukua mkewe na Nestory, aliyekuwa na miaka minne, wakahamia mjini, wala hakurudi tena kule, hata kwa msiba. Basi Nestory alipohitaji sura ya jirani kwenye gemu, alimpiga baba yake picha akiwa amelala, akaichora sura ileile, kovu la kidevuni na yote. Hakumwomba ruhusa. Alitaka kumshangaza mzee.

Wa kwanza kukaa alikuwa Maige, mbeba magunia wa Mwaloni, mtu mwenye mabega ya kuziba mlango. Akavaa hedfoni. Akaingia jikoni kwa bibi. Nestory akasimama pembeni, simu mkononi, anarekodi.

Dakika ya tatu, Maige akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Precious alicheka mpaka akashika ubavu. "Yaani Maige, unaamkia maiti?"

Maige hakumsikia. Alikuwa ametega sikio, uso umetulia kama wa mtoto kanisani. Kisha akajibu, kwa adabu kabisa, "Ng'wana Luhende, bibi. Mtoto wa Luhende wa Kwimba."

Nestory akakunja uso. Mle jikoni hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Kulikuwa na maiti, chungu na majivu. Sauti pekee aliyoiweka ilikuwa ya nzi.

Jasho likaanza kumtiririka Maige shingoni. Akaruka mashahidi wote. Akampita mganga. Akasogeza kipanya hadi kwa yule jirani, akabonyeza.

Jirani hakuwa mtuhumiwa. Nestory hakumwekea kitufe cha kubonyezwa. Lakini maandishi yakatokea, mekundu, makubwa.

UMEMWONYESHA.

Pale kwenye kioo, jirani akageuza uso taratibu. Sikio lake la kushoto likakatika, likaanguka. Damu ikamshuka shingoni, ikalowesha shati.

Nestory hakuwahi kuichora damu ile.

Maige aliruka, akapiga meza ngumi kwa nguvu hivi kwamba kipanya kilipasuka na kipande kikamchana kiganja. Alisimama akihema, anavuja damu kwenye sakafu ya Precious, wala hajali.

"Umetengeneza kitu, kaka," alisema. "Ila umezidisha. Bibi ameniuliza mimi mtoto wa nani. Nimemwambia. Akasema hapana, baba yako si yule ninayemtafuta. Halafu akaninong'oneza, ni huyo jirani. Sura anaikumbuka, jina ndilo limempotea." Akafuta pua. "Na ule moshi wa mavi ya ng'ombe umeutoaje?"

"Moshi gani?" Nestory aliuliza.

Maige akamtazama, akatoka nje bila kuaga.

Mtu mwenye akili angefunga kompyuta pale pale. Lakini Nestory alikuwa fundi, na fundi akiona kitu kimeharibika hukichokonoa. Precious alileta kipanya kingine. Aliyekaa sasa alikuwa Kija, mkaanga perege wa hapo nje, mama wa miaka thelathini na kitu, mpole, ambaye siku zote akija bandani alikuja kuchenji hela tu. Leo alikuwa ameona picha ya lile jiko kupitia mlangoni, akaliacha karai lake motoni.

Alivaa hedfoni. Hakuuliza namna ya kucheza.

"Kile chungu," alisema kwa sauti ya chini. "Kile chungu nakijua."

Kisha akamwona jirani, yule mwenye sikio moja. Mgongo wa Kija ukakakamaa.

"Chenge."

"Nani?" Nestory aliuliza. "Dada Kija, umesema nani?"

Alibonyeza. Vidole vitatu vya jirani vikadondoka. Akabonyeza tena, bega likafunguka hadi mfupa ukaonekana. Akabonyeza tena. Tena. Machozi yanamtoka, meno ameyauma, na kila kidole chake kikigusa kulisikika mlio ndani ya kompyuta, mlio wa panga linaloingia kwenye kitu kibichi... Precious aliyekuwa akicheka sasa alikuwa anahesabu bila kujijua, pamoja na lile la Maige. Akaishia saba.

Jirani alikuwa bado amesimama. Amechanwachanwa, shati zima damu, lakini amesimama, na macho ya Mzee Mayala yanawatazama.

Kija akavua hedfoni, akaenda kusimama mlangoni, amewapa mgongo. Nje giza lilikuwa linaingia. Mafuta ya perege yalikuwa yanaungua.

Sasa Nestory aliogopa. Aliogopa kweli. Lakini alijiambia kuna faili limeingiliana na faili. Akavaa hedfoni mwenyewe asikilize.

Nzi.

Nzi tu, kama alivyowaweka.

Halafu nzi wakanyamaza wote kwa pamoja. Akasikia moto, ule moto mvivu wa kinyesi kikavu. Moshi ukamwingia puani, ukamwasha macho.

"Nani hapo?" Sauti ilikuwa ya kizee, ya upole. "Sogea karibu. Macho yangu hayaoni vizuri."

Sasa mtu wa kwetu huku, umlaumu au usimlaumu, amefundishwa jambo moja kabla hata ya kufundishwa kunawa. Mkubwa hapitwi bila kuamkiwa. Mkubwa akiuliza, hujibiwa. Mdomo wa Nestory ulifanya kazi kabla ya akili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe mtoto wa nani?"

"Ng'wana Mayala, bibi. Wa Igogo."



"Mayala," sauti ilirudia polepole. "Kumbe siku hizi anaitwa Mayala."

Moto ukazimika. Kompyuta ikazimika. Nestory alipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu. Kija alikuwa ameondoka, na karai lake lilikuwa linawaka moto.

Precious alikuwa anamwagia mchanga lile karai wakati simu ya Nestory ilipoita. Ilikuwa Evelina, mpangaji mwenzao kule Igogo.

"Nestory, mna mgeni?" aliuliza. "Kuna bibi hapa uani, kajitanda khanga mpaka usoni, ananuka moshi. Tangu jua linazama anatembea nyumba kwa nyumba anamuulizia mtu anaitwa Chenge. Tukamwambia Chenge hatumjui sisi. Akaondoka. Sasa hivi amerudi, anasema anamtafuta Mayala."

"Umemwambiaje?"

"Si nimemwonyesha mlango! Mtu mzima kama yule nimwache asimame gizani?"

Nestory alikata simu, akampigia baba yake huku anakimbia kutafuta bodaboda. Iliita mara nyingi. Ikapokelewa. Hakukuwa na halo, kulikuwa na pumzi tu.

"Baba! Baba, usifungue mlango!"

"Nani amemwambia jina langu?" Mzee alikuwa ananong'ona. "Nestory, nani amemwambia?"

Nestory alipanda bodaboda, akampiga dereva mgongoni aende.

"Tulikuwa saba," mzee akaendelea, haraka haraka. "Tulikubaliana kila mtu akate mara moja, ili asiwepo wa kumshtaki mwenzake. Wakanitanguliza mimi kwa sababu mimi jirani angenifungulia. Nilimwamkia. Akaitikia vizuri. Hakuona ni nani, akaniuliza, wewe mtoto wa nani. Sikumjibu, mwanangu. Niliona aibu kumtajia baba yangu. Nikakata."

"Baba, pitia dirishani. Toka!"

"Hodi," ilisema sauti kwenye simu. Haikuwa ya baba yake.

Mzee akaanza kulia. Nestory hakuwahi kumsikia baba yake akilia, hata siku walipomzika mama. Alisikia komeo la mlango likivutika. Hakujua nani alilivuta.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Mama... mama, nisamehe..."

Nestory alisikia panga likiingia. Alisikia baba yake akipiga ukelele, kisha panga tena, kisha kitu kikianguka na kuvuta meza pamoja nacho. Alikuwa anapiga kelele yeye mwenyewe juu ya pikipiki, watu barabarani wanamshangaa, na bado alisikia. Ukelele uligeuka mkoromo. La tano. La sita. Baada ya la sita pakawa na muda mrefu, kama mtu anayepumzika.

La saba halikufuatiwa na sauti yoyote.

Alipofika Igogo, ua ulikuwa umejaa watu na hakuna aliyeingia. Aliingia yeye. Mzee Mayala alikuwa amelala kifudifudi jikoni, kwenye maranda ya mbao yaliyolowa damu. Sikio la kushoto halikuwepo. Vidole vitatu vilikuwa chini ya meza. Bega lilikuwa wazi. Nestory alimgeuza, akamkumbatia, kichwa kikalala upande usiofaa maana shingo ilikuwa inashikiliwa na ngozi tu. Alimwita baba, baba, mpaka sauti ikamkauka. Mzee alikuwa muuaji. Alikuwa pia mtu aliyemfundisha kushika msumeno, kupiga pasi shati, na kuamkia wakubwa. Nestory alimpenda, na alimwua kwa adabu zilezile alizofundishwa naye.

Kwenye jiko, jiko la mkaa, kulikuwa na kinyesi cha ng'ombe kinafuka. Igogo, katikati ya mji.

Polisi walifanya kazi yao. Walichukua zile video mbili, ya Maige na ya Kija. Walisema jambo liko wazi. Kija alikuwa mjukuu wa marehemu bibi, aliitambua sura, alisikia pale mlangoni jina na mtaa, akapanda bodaboda akaja. Labda ni kweli. Kija hajaonekana hadi leo. Lakini Evelina anaapa aliyemwonyesha mlango alikuwa kizee, mikono imekunjamana, na kwamba alianza kuuliza tangu jua linazama, wakati Kija yuko Kirumba, bandani kwa Precious, mbele ya watu. Polisi walimwambia Evelina gizani mtu huona anachokiona.

Nestory alimzika baba yake Jumanne. Usiku wa matanga alikumbuka kitu.

Saba. Baba alisema walikuwa saba.

Akafungua simu. Demo ilikuwa bado mtandaoni. Watu mia nne na kumi na mbili walikuwa wameipakua. Akatafuta namna ya kuifuta, na chini yake akaona maoni ya wachezaji. Wengi walisifu. Picha kali. Sauti kali. Mmoja alisema amenusa moshi mpaka akafungua dirisha. Mwingine alilalamika kwamba bibi anauliza swali lilelile, na akijibiwa anasema siye.

Aliifuta. Ikafutika. Lakini iliyoko kwenye simu za watu haifutiki, na hilo alilijua yeye kuliko mtu yeyote.

Oni la mwisho lilikuwa la dakika mbili zilizopita. Lilitoka kwa kijana wa Geita.

"Kaka, hongera. Huyu bibi ananiuliza mimi mtoto wa nani. Ni sehemu ya gemu?"

Nestory aliandika haraka, kwa herufi kubwa. USIMJIBU. Alikuwa hajatuma bado wakati oni la pili lilipoingia.

"Usijali, nimeshamjibu. Amefurahi sana. Ila kaka, mbona anagonga mlango wa mzee wangu?"