Pipa la Pili

Siku ya tatu baada ya maziko, mkwe wa Mama Tone alichota ndoo kutoka pipa la pili ili apige deki, akainua uso na kusema maji yananuka karafuu maiti.

"Mimba hiyo," alijibu mama mkwe wake bila kugeuka. "Mimi nilipokuwa na mumeo tumboni nilisikia mafuta ya taa hata kwenye ndimu."

Mkwe alikuwa na mimba ya miezi saba, na kweli mimba ina vituko vyake. Akapiga deki.

Jina la Mama Tone halikutoka hewani. Ua wao ulikuwa na vyumba sita na bomba moja, na bomba lenyewe lilitoa maji Jumanne tu, kwa saa mbili, kisha likakohoa na kunyamaza. Wapangaji walimchagua yeye awe msimamizi wa maji, na hawakukosea. Maji ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, ya vyombo yakaingia pipa la pili, na pipa la pili likapiga deki, likasafisha choo, likanywesha mchicha. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Yeye aliyazoa kwa tambara akayakamulia ndooni, na ole wake aliyecheka.

Jumapili iliyotangulia, mpangaji wa chumba cha mwisho, mlinzi mstaafu waliyemwita Afande, alijikokota hadi mlangoni kwa Mama Tone akiungua homa. Midomo ilikuwa imepasuka. Ndoo yake ya wiki ilikwisha Ijumaa.

"Kikombe kimoja tu, mama."

Mama Tone alimjibu kwa upole kabisa kwamba sheria ikivunjwa kwa mmoja imevunjwa kwa wote, na Jumanne si mbali. Jumatatu asubuhi Afande alikutwa amekufa, ulimi umekauka, kucha zake zimekwaruza ukuta. Kwa kumwosha, Mama Tone alitoa ndoo tatu bila kinyongo. Tena alitega mabeseni chini ya kitanda cha kuoshea, ua usichafuke. Waoshaji walipoondoka, mabeseni yalikuwa yamejaa, na mikono yake ikafanya ilichozoea. Aliyamwaga kwenye pipa la pili. Hakumwambia mtu, na mimi nasema alijua kabisa kwa nini hakusema.

Siku ya nne, saa saba mchana, jua la utosi, mwanawe fundi viatu alikuwa barazani akigongelea soli. Akasikia mtu anakunywa. Mtu huyo alikunywa kwa pupa, koo likigugumia, bila kupumua, na sauti ilitoka pale kwenye mapipa. Alipogeuka alimwona mkewe amesimama kando ya pipa la pili, nywele zinachuruzika maji.

"Mke wangu, unakunywa hayo? Maji ya choo hayo!"

Mkewe alimjia taratibu, akamshika shingo kwa mkono mmoja, mkono ule ule uliokuwa ukishindwa kufungua kopo la maziwa, akamwinua mpaka miguu ikaacha sakafu, akambeba hivyo hivyo hadi kwenye pipa na kumpigiza uso ukingoni, mara ya kwanza meno mawili yakaruka, mara ya pili pua ikavunjika, mara ya tatu damu ikatiririka ndani ya maji huku yeye akicheka kwa sauti nzito ya kiume iliyokauka, sauti ambayo kila mpangaji aliyechungulia mlangoni aliitambua na kutamani asingeitambua.

Mama Tone alitoka jikoni mbio. Alilisukuma pipa kwa bega, likainama, maji yakaanza kumwagika kwenye vumbi. Hapo mkwe akamwachia mumewe, akaanguka chali, na kwa kadiri maji yalivyomwagika chini ndivyo yalivyopanda kooni mwake, yakatoka puani na mdomoni na damu ndani yake, macho yakapinduka, miguu ikapiga ardhi, tumbo likatetemeka, mtu anazama katikati ya ua mkavu na wote wanamtazama.

"Simamisha! Simamisha pipa!" alipiga kelele mshonaji wa chumba cha pili.

Walilisimamisha. Maji yalikuwa yamebaki nusu. Mkwe akavuta pumzi moja nyembamba, ikakwama.

Mshonaji alikimbia kumleta mganga wa mtaa wa nyuma, mama mfupi asiye na maneno mengi. Mganga hakumtazama mgonjwa kwanza. Aliliinamia pipa, akanusa.

"Maji haya yaliosha nini?"

Mama Tone alitazama miguu yake.

"Nauliza tena. Yaliosha..."

Hakumaliza. Mkwe aliruka kutoka chini, akamkamata mganga mkono, akauvunja juu ya goti kama anavunja kuni, akamtupa ukutani. Kisha akarudi akakaa kando ya pipa, akatulia. Mdomo wake ukafunguka bila midomo kucheza.

"Kikombe kimoja tu, mama."

Fundi viatu akiwa amejaa damu alimtambalia mganga. "Mfukuze, mama! Mfukuze, tafadhali, ana mtoto tumboni!"

"Jini ningemfukuza," mganga alisema kwa meno yaliyokazwa. "Huyu ni mtu, naye amenyimwa. Yeye hamtaki mkeo. Amekaa pale panapomuuma aliyemnyima."

Mama Tone alihisi macho yote yakimgeukia. Alikuwa anampenda yule mkwe, tena alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia, na kile kilichokuwa tumboni alikuwa ameshakishonea nguo sita.

"Ni mimi," alisema. "Aliniomba nikamnyima. Na maji yaliyomwosha niliyatia humo. Sikutaka yapotee."

Mshonaji alishika mdomo, akatapika.

"Basi kunywa," ilisema sauti.

Mama Tone alichukua kopo, akachota, akanywa. Karafuu maiti, sabuni, damu ya mwanawe. Alipomeza, mkwe alivuta pumzi nzima. Alipotua kopo, pumzi ile ikakatika, midomo ikaanza kuwa ya bluu. Akachota tena. Hapo kila mtu akaelewa.

Kopo la kumi alikuwa bado amesimama. La ishirini alikuwa amepiga magoti, tumbo limevimba kuliko la mkwe wake, maji yanamrudi puani naye anayarudisha kwa kiganja, maana tone moja lililodondoka chini lilimkaba mkwe papo hapo, na Mama Tone akainama akalilamba kwenye vumbi huku analia. Baada ya hapo mikono ilikataa. Haikuweza tena kuchota.

"Mwanangu," alisema. "Njoo unichotee."

"Mama, basi. Utakufa."

"Mtazame mkeo."

Alimtazama. Macho ya mkewe yalikuwa yamerudi kuwa yake, yametoka, yanamsihi, na vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania tumbo ambamo kitu kidogo kilikuwa kinapiga teke kwa nguvu, kisha kwa nguvu kidogo, kisha kidogo zaidi.

"Mama, nisamehe."

"Chota, mwanangu. Haraka."

Akachota. Akamshika mama yake kidevu kwa upole, jinsi mama yake alivyomshika yeye alipokuwa anakataa dawa, akamnywesha. Mkewe akapumua. Akachota tena, na tena, hadi mama yake akaacha kusema, akabaki anafungua mdomo tu. Akainama pipani kuona yamebaki kiasi gani.

Yalikuwa nusu, vilevile kama walipoanza.

Nyuma yake mkewe alianza kukabwa. Fundi viatu akajaza kopo.